Kifaransa Chuoni kwa Mlango wa Kiswahili: Mazingatio juu ya Mafundisho ya Mwaka wa Kwanza

Utangulizi

Katika juma la kwanza la masomo yangu ya Kifaransa chuoni, mhadhiri wetu aliandika ubaoni sentensi J'ai faim, kisha akatuonya tusije tukathubutu kusema Je suis faim. Alitueleza, kwa Kiingereza, kwamba Wafaransa, kwa sababu wazijuazo wenyewe, husema kuwa wana njaa, ilhali 'sisi' husema kuwa tu wenye njaa. Darasa zima likaandika maneno hayo daftarini. Sidhani kwamba palikuwa na mwanafunzi hata mmoja mle ndani ambaye hakuwa amesema mara elfu katika maisha yake, Nina njaa. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza huyo 'sisi' alikuwa nani.

Madhumuni ya makala haya ni kulirudia swali hilo ambalo halikuulizwa. Nakusudia kuonyesha kwamba mwanafunzi wa Kenya aanzapo Kifaransa chuoni huwa tayari anayo, kutokana na Kiswahili, sehemu kubwa ya maarifa ambayo mwalimu humchukulia kuwa hana. Nakusudia pia kuonyesha mipaka ya maarifa hayo, kwani hoja isiyo na mipaka haina nguvu. Mwisho nitaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili, wala si wenzetu wa idara ya Kifaransa peke yao.

Hali ya mwanafunzi

Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule zetu za msingi na za sekondari. Kwa hivyo mwanafunzi aliyepitia mfumo huo aliingia chuo kikuu akiwa amechanganua sentensi, amepanga nomino katika ngeli na amenyambua vitenzi kwa miaka mingi. Kifaransa, kwa upande wake, ni somo la hiari linalofundishwa katika baadhi tu ya shule. Ndiyo maana wengi wanaolichukua chuoni huanzia alifu.

Mwanafunzi huyu basi huletewa vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya Mwingereza au Mmarekani. Mwandishi wa vitabu hivyo huanza na mambo ambayo msemaji wa Kiingereza huyaona mageni: kwamba nomino zina makundi, kwamba kivumishi hubadilika kufuata nomino, kwamba kiwakilishi cha mtendwa hutangulia kitenzi. Kila jambo huletwa kama ajabu. Mwanafunzi wetu, kwa adabu, hushangaa pamoja na mwandishi, hata pale ambapo hakuna la kumshangaza. Kushangaa huko kuna gharama yake. Jambo lililokwisha kutangazwa kuwa gumu hujifunzwa kwa hofu, na aliye na hofu huacha kuulizia alijualo.

Alikuwapo mwenzangu mmoja, mzaliwa wa pwani, ambaye katika darasa la Kiswahili hapakuwa na wa kumshinda katika mambo ya ngeli. Karatasi yake ya kwanza ya Kifaransa ilirudi na maneno yaliyoandikwa kwa wino mwekundu kwamba haelewi dhana ya mapatano ya kisarufi. Mwaka wa pili aliliacha somo. Sijapata kusahau maneno yale mekundu, kwa kuwa yaliandikwa juu ya mtu ambaye tangu utotoni hakuwa amesema sentensi hata moja isiyo na mapatano.

Mapatano na ngeli

Tutazame basi mapatano yenyewe. Kifaransa kina makundi mawili ya nomino, ya kiume na ya kike, na kundi la nomino hudhihirika katika maneno yanayoandamana nayo:

(1) Kifaransa: La maison est blanche. Kiswahili: Nyumba ni nyeupe.
(2) Kifaransa: Les chaussures neuves sont perdues. Kiswahili: Viatu vipya vimepotea.

Katika (2) lugha zote mbili huweka kivumishi baada ya nomino, na zote mbili huonyesha mapatano katika kivumishi na katika kile kinachoarifu. Anayesema viatu vipya vimepotea hana haja ya kuambiwa mapatano ni nini. Haja yake ni kuambiwa kwamba Kifaransa kina ngeli mbili, na kwamba kwa kawaida umbo la nomino yenyewe halitoshi kuitambulisha ngeli yake.

Hata hili la mwisho si geni. Kweli kiti na mti hubeba viambishi vyao waziwazi, lakini meza na kalamu hazibebi chochote kinachoonekana. Twajua ngeli yake kwa kusikia meza ile imevunjika. Nomino ya Kifaransa ni kama meza. Ndiyo maana mwalimu hodari humwambia mwanafunzi ajifunze une table, wala si table peke yake. Angeweza kumwambia pia kwamba ndivyo yeye mwenyewe alivyojifunza ngeli ya meza, bila ya kujua.

Mahali palipo na utajiri zaidi ni pale umbo na maana zinapogombana. Katika Kiswahili sanifu, kifaru na kipofu zina umbo la KI-VI, lakini twasema kifaru mkubwa amekufa na kipofu huyu amefika. Uhai umelishinda umbo. Katika Kifaransa la sentinelle ni mlinzi, na hata akiwa mwanamume mwenye ndevu nomino hiyo husalia ya kike, na maneno yote yanayoifuata huwa ya kike. Ndivyo ilivyo pia kwa une personne na une victime. Hapo umbo limeushinda uhai. Lugha mbili zimekutana na tatizo moja, zikatoa hukumu mbili zinazopingana. Mwanafunzi anayeonyeshwa jambo hili hujifunza Kifaransa, na papo hapo huifahamu upya kanuni ya Kiswahili aliyoikariri bila kuidadisi.

Kitenzi na viandamani vyake

Katika kitenzi ndiko Kiswahili kinakomfaa mwanafunzi zaidi, na ndiko kinakosahauliwa zaidi. Nitataja mambo matano.

Kwanza, mahali pa mtendwa. Vitabu hueleza kwa urefu kwamba katika Je le vois kiwakilishi le hutangulia kitenzi. Kiswahili husema ninamwona, ambapo -mw- hutangulia mzizi. Hata panapokuwa na vitenzi viwili mpangilio hulingana: Je veux le voir ni nataka kumwona, na katika kila lugha mtendwa husimama mbele ya kitenzi cha pili. Tofauti hutokea katika amri. Kifaransa husema Regarde-le, kiwakilishi kikiwa nyuma, ilhali sisi twasema mtazame. Lakini katika katazo lugha hizi hukutana tena: Ne le regarde pas, usimtazame.

Pili, ukanushi. Il ne vient pas huelezwa kuwa ukanushi wa vipande viwili unaokizunguka kitenzi. Msemaji wa haji amekwisha kufanya hivyo: ha- mwanzoni na -i mwishoni. Ulinganifu huu ni wa wakati uliopo tu, kwani hatakuja haina badiliko la mwisho. Hata hivyo, watosha kuliondolea jambo hili ugeni.

Tatu, hali tegemezi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo njia ya Kiingereza inapopotosha zaidi. Msemaji wa Kiingereza akitaka kusema nataka uje hutumia kitenzi-jina, kwa hivyo mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza huandika Je veux toi venir, na hupigwa mstari mwekundu. Kifaransa sahihi ni Je veux que tu viennes: kitenzi cha pili kina mtenda wake na umbo lake la pekee. Sivyo hasa ilivyo nataka uje? Kiambishi u- ni mtenda, na -e ndiyo alama ya hali tegemezi. Kadhalika Il faut qu'elle vienne ni ni lazima aje, na pour que tu comprennes ni ili uelewe. Mtenda akiwa mmoja, lugha zote mbili hurejea kwenye kitenzi-jina: Je veux partir, nataka kuondoka. Hata J'espère qu'il viendra, ambayo humsumbua mwanafunzi kwa kuwa haichukui hali tegemezi, inakwenda sambamba na natumaini kwamba atakuja. Tofauti zipo, na muhimu ni bien que: Kifaransa huidai hali tegemezi baada yake, ilhali ingawa ya Kiswahili haiidai.

Nne, kile kijineno ne ambacho hakikanushi. Kifaransa rasmi husema avant qu'il ne parte, ingawa aliyekusudiwa ataondoka. Vitabu hukiita pambo, na mwanafunzi hukiri kwamba hakielewi. Lakini Kiswahili husema kabla hajaondoka, kwa kitenzi cha kukanusha, bila ya mtu yeyote kufikiri kwamba safari imefutwa. Wakati wa 'kabla', kitendo bado hakijawa, na lugha hizi mbili zimeuona ukosefu huo na kuutia alama. Kadhalika de peur qu'il ne tombe inakaribiana sana na asije akaanguka. Na mtenda akiwa mmoja, avant de partir ni kabla ya kuondoka. Nilihitimu shahada ya kwanza bila ya kuambiwa jambo hili na mtu yeyote. Nililigundua usiku mmoja nikisahihisha insha ya Kiswahili, nikabaki nimeduwaa, kalamu mkononi.

Tano, mapatano ya kitenzi na mtendwa aliyetangulia, kanuni inayowatia jasho hata Wafaransa wenyewe. Tulinganishe:

(3) J'ai écrit la lettre. Nimeandika barua.
(4) Cette lettre, je l'ai écrite. Barua hii nimeiandika.
(5) La lettre que j'ai écrite. Barua niliyoiandika.

Katika (3) mtendwa hufuata kitenzi, na kitenzi hakipatani naye katika lugha yoyote kati ya hizi mbili. Katika (4) mtendwa ametangulia. Kifaransa kimeongeza -e ya kike katika écrite, na Kiswahili kimeongeza -i- ya ngeli. Katika (5) Kifaransa hulazimisha mapatano. Kiswahili huyaonyesha katika -yo-, na wasemaji wengi huongeza -i- pia, ijapokuwa barua niliyoandika husikika. Msomaji atatambua kwamba ulinganifu huu si kamili, kwa kuwa kwa viumbe hai twasema nimemwona mwalimu hata mtendwa akifuata. Lakini wazo la msingi ni lilelile: mtendwa akishatajwa, kitenzi kinachomfuata humkumbuka.

Kuhusu nyakati nitasema machache. Mwanafunzi husumbuka kuchagua kati ya imparfait na passé composé, kwa sababu kitenzi cha kawaida cha wakati uliopita katika Kiingereza chaweza kubeba maana zote mbili. Kiswahili huweza kuzitenga: Chaque soir il lisait ni kila jioni alikuwa akisoma, Hier il a lu la lettre ni jana alisoma barua. Alikuwa akisoma hufaa kwa mazoea na hufaa pia kwa kitendo kilichokatizwa, kama vile alikuwa akisoma nilipoingia, na imparfait hufanya kazi hizohizo mbili.

Mipaka

Ingekuwa udanganyifu kuishia hapo. Yako mambo ambayo Kiswahili hakisaidii, na yako ambayo chapotosha.

Katika matamshi, irabu zetu tano hazitoshi. Mwanafunzi hana budi kujifunza tofauti ya tu na tout, ya beau na bon, na irabu za puani kwa jumla. Mkazo wetu uko katika silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali wa Kifaransa uko mwishoni. Hata hivyo msaada haukosekani kabisa. Sauti gn ya montagne ni ny ya nyumba. Sauti r ya Kifaransa, ambayo wengi huifanya kama r yetu ya ulimi, yaweza kufikiwa kwa kuanzia gh ya ghali na lugha na kuirudisha nyuma kidogo kooni. Lakini msaada huu humfaa yule tu anayeitamka gh ipasavyo. Wanafunzi wetu wengi wa bara husema gali na luga, kwa hivyo mwalimu wa Kifaransa atajikuta anafundisha matamshi ya Kiswahili.

Katika sarufi, Kiswahili hakina vijineno mfano wa le, la, un na une, na matumizi yake hayana budi kujifunzwa kwa mazoezi. Kitenzi cha Kiswahili sanifu hubeba mtendwa mmoja tu, ilhali Kifaransa husema Je le lui donne kwa wawili. Tena -m- yetu hutumika katika namwona na katika nampa. Basi mwanafunzi wetu atakosea kwa kuandika Je le donne un livre badala ya Je lui donne un livre, na kosa hilo litatoka kwa Kiswahili. Kwa upande mwingine, Ils se regardent ina utata ambao Kiswahili hakina: wanajitazama au wanatazamana? Uteuzi wa tu na vous nao hauna mfano wa moja kwa moja kwetu. Heshima yetu haimo katika wingi wa kiwakilishi. Imo katika shikamoo, katika mzee na mama, na katika namna ya kuomba.

Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba Kiingereza kina maelfu ya maneno yaliyotoka Kifaransa baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, na kwamba kwa msamiati humfaa mwanafunzi kuliko Kiswahili. Hilo ni kweli, na sipendekezi Kiingereza kifukuzwe darasani. Napendekeza kila lugha iitwe shahidi katika jambo inalolijua. Kwa msamiati aitwe Kiingereza. Kwa ngeli, mtendwa na hali tegemezi aitwe Kiswahili.

Huenda ikasemwa pia kwamba wahadhiri wengine wa Kifaransa hawakijui Kiswahili kitaalamu, na kwamba si kila mwanafunzi ana Kiswahili kwa lugha ya kwanza. La kwanza ni hoja ya kushirikiana, wala si ya kuacha. La pili lina uzito mdogo kuliko lionekanavyo. Wengi wa wanafunzi hao lugha zao za kwanza ni za Kibantu, nazo zina ngeli na mapatano. Ama wale ambao lugha zao si za Kibantu, Kiswahili wamekisomea sarufi yake shuleni, wakatahiniwa.

Jambo hili latuhusu nini?

Msomaji wa idara yetu aweza kuuliza kwa nini ajishughulishe na matatizo ya Kifaransa. Jibu liko katika rafu za maktaba zetu.

Mwaka 1939 kamusi mbili kubwa za Kiswahili zilianza kutoka. Ya kwanza ni kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyokuwa chombo cha usanifishaji uliosimamishwa juu ya Kiunguja. Ya pili ni Dictionnaire swahili-français ya Charles Sacleux, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Unguja na Bagamoyo, na ambayo sehemu zake zilichapishwa Paris kati ya 1939 na 1941. Hapo awali, mwaka 1909, alikuwa amekwisha kutoa sarufi ya lahaja za Kiswahili. Johnson alitupa lugha kama ilivyotakiwa iwe. Sacleux aliandika lahaja kama alivyozisikia na kuzikusanya, akizitaja moja moja. Kamusi ya kwanza imo mikononi mwa kila mwanafunzi wetu, pamoja na wajukuu wake. Ya pili, pale inapopatikana, imekaa kimya kwa kuwa imeelezwa kwa Kifaransa.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, katika semina moja tulipewa kazi ya kufuatilia maneno ya lahaja za kaskazini. Mimi peke yangu kati ya wanafunzi wa Afrika Mashariki ndiye niliyeweza kuifungua Sacleux na kuisoma, nami kwa kubabaika. Wenzangu, ambao wawili kati yao walikuwa wasemaji wa lahaja hizo tangu kuzaliwa, waliningoja niwafasirie maneno ya nyanya zao. Siku ile nilimkumbuka yule mwenzangu wa pwani aliyeacha somo mwaka wa pili. Kamusi ile ilikuwa yake kuliko ilivyokuwa yangu.

Wala si Sacleux peke yake. Lugha za Komoro, ndugu wa karibu wa Kiswahili, zimechunguzwa kwa sehemu kubwa na wataalamu wanaoandika kwa Kifaransa. Kiswahili cha Kongo, hasa cha Lubumbashi, kimekaa bega kwa bega na Kifaransa kwa zaidi ya karne, na hakiwezi kuelezwa na asiyeijua lugha hiyo. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Basi wasemaji wengi wa Kiswahili katika Jumuiya hiyo wanaishi katika nchi ambamo Kifaransa ni lugha rasmi. Mtaalamu wa Kiswahili asiyesoma Kifaransa huichunguza nusu ya uwanja wake akiwa nje ya ua.

Hitimisho

Nina mapendekezo matatu, na yote yaweza kutekelezwa bila ya fedha nyingi. Mosi, idara za Kiswahili na za Kifaransa zitunge kwa pamoja kijitabu cha sarufi linganishi kwa mwaka wa kwanza, chenye kuonyesha mlingano na pia mtego. Pili, mhadhiri wa Kiswahili aalikwe katika darasa la Kifaransa kwa saa chache mwanzoni mwa mwaka, somo la mapatano na la hali tegemezi lianzie kwa mifano ya Kiswahili. Tatu, wanafunzi wetu wa uzamili wanaochunguza lahaja wafundishwe kusoma Kifaransa, hata kama hawatakisema, na Sacleux iwe kitabu chao cha mazoezi.

Zaidi ya hayo, lipo jambo lisilohitaji kamati. Mhadhiri atakayeandika ubaoni J'ai faim mwaka ujao, na aandike chini yake Nina njaa, kisha asubiri kidogo. Darasa litamwelewa kabla hajafungua kinywa.